Kuinua Nyusi Hakukuanzia TikTok

Kila nikifungua TikTok siku hizi nakuta nyusi zimepanda. Filta inavuta ncha za nyusi huko juu, mashavu yanasimama, jicho linakuwa kama la paka. Ukiingia kwenye komenti ni vita: nusu wanauliza bei ya kufanyiwa kikweli, nusu wanatukana. Ati huo ni ujinga wa wazungu wenye pesa, sisi Pwani wanja na piko vinatutosha. Mimi ni mtoto wa Magongo, wanja nyumbani kwetu haukosi. Lakini hao wa nusu ya pili ndio nataka kubishana nao leo. Historia yao ni mbovu, na ubovu wake unaumiza watu.

Kwanza upasuaji wenyewe, maana wengi tunautaja tu. Kuinua nyusi, daktari anapasua nyuma ya mstari wa nywele, anaachanisha ngozi ya paji na kilicho chini yake, anaivuta juu na kuishikiza. Zamani ulikuwa mkato mmoja kutoka sikio hadi sikio. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 wengi wanapitisha kamera ndogo kwenye matundu machache. Sehemu ya kati ya uso, yaani chini ya jicho hadi pembe ya mdomo, ina nyama na mafuta ambayo umri unayashusha. Huko daktari anapitia pembeni mwa paji, au chini ya kope, au ndani ya mdomo, analirudisha shavu juu. Si mchezo, wallahi. Neva ya uso inapita hapo hapo. Ikiumizwa, unyusi mmoja unaweza usipande tena. Kuna ganzi, kuna makovu, kuna kope la chini kuvutwa hadi jicho lisifunge vizuri. Na haidumu milele, umri hausimami.

Sasa nani alianza? Mfaransa Raymond Passot aliandika kuhusu kuondoa mikunjo ya uso kwa upasuaji, paji likiwemo, mwaka 1919. Angalia huo mwaka. Vita Vikuu vya Kwanza vimeisha juzi tu. Paris hiyo hiyo kulikuwa na Suzanne Noël, daktari mwanamke aliyeshughulikia nyuso za askari waliojeruhiwa, na pia akawainua nyuso wanawake waliokuwa wakikosa kazi kwa sababu wanaonekana wazee. Uingereza, Harold Gillies alikuwa na hospitali yake Sidcup tangu 1917, na zaidi ya askari 5,000 walipita huko, wengine hawana pua, wengine hawana taya. Barabarani karibu na hospitali viti vingine vilipakwa rangi ya buluu, ili wenyeji wajue anayeketi pale anaweza kuwa na uso wa kushtua.

Binamu yake, Archibald McIndoe, hakutaka mambo ya viti vya buluu. Vita vya Pili alipewa marubani walioungua, huko East Grinstead. Aliwatoa nje, wakaenda baa, wakaenda sinema, akawaomba watu wa mji wasiwakodolee macho. Wagonjwa wenyewe wakaunda klabu mwaka 1941, wakaiita Guinea Pig Club, jina la yule mnyama wa kufanyiwa majaribio. Walifika 649.

Na hapa ndipo hadithi inapoingia kwetu. Miaka ya 1950, chini ya Kilimanjaro, McIndoe alikaa na madaktari wawili: Michael Wood, aliyekuwa akifanya kazi Kenya na aliyesomea upasuaji huu kwake, na Tom Rees kutoka New York. Mpango wao ulikuwa kuwafikia kwa ndege ndogo wagonjwa wasiofikiwa na barabara. Watu walioungua, walioraruliwa na wanyama, watoto waliozaliwa na mdomo uliopasuka. Ndiyo mwanzo wa AMREF, wale madaktari wa ndege unaowasikia mpaka leo. Halafu Rees akawa mmoja wa majina makubwa ya kuinua nyuso New York. Mwaka 1973 yeye na mwenzake walitoa kitabu cha upasuaji wa urembo wa uso. Mikono ni ile ile bana. Hata kuinua shavu kutoka kwenye mfupa kunamrudia Paul Tessier, Mfaransa aliyejulikana kwa kuwatengeneza watoto waliozaliwa na mifupa ya uso isiyo sawa.

Kwa nini nakazana hivi? Mtaani kwetu kuna mama anauza mahamri na mbaazi. Asubuhi moja aliamka uso umelegea upande mmoja, unyusi umeshuka, jicho halifungi, chai inamwagika. Watu wakasema upepo mbaya, wengine jini. Wateja wakawa wanamkodolea macho, akaanza kuuza na mtandio umefunika nusu ya uso.

Ukiona hivyo kwa mtu, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Inaweza kuwa kiharusi. Ikiwa ni neva ya uso tu iliyovimba, wengi hupona kwa wiki au miezi, na dawa husaidia zaidi ikianzwa ndani ya saa 72. Yeye alizunguka kwa waganga kwanza. Mdomo ulirudi, unyusi haukurudi. Unamkalia jicho mpaka leo, anainua kichwa ndipo akuone vizuri.

Kwa mtu kama huyo, kuinua unyusi si urembo, ni kuona. Kijana wa boda aliyevunjika shavu barabara ya Magongo naye anahitaji ujuzi huo huo. Lakini nani atauliza hospitali, kama sote tumeshaamua ni mambo ya masupastaa? Na wewe unayeuliza bei, Oktoba 2024 mwanamke alifariki Nairobi baada ya upasuaji wa urembo na kliniki ikafungwa. Jina la daktari litafute kwanza kwenye orodha ya KMPDC.

Wiki iliyopita nilimweleza yule mama kwamba kuna upasuaji wa unyusi wake. Akaniuliza, "Mwanangu, ni ile ya wale wasichana wa kwenye simu?" Nikamwambia ndiyo mama, ni ile ile. Akataka kujua anaanzia wapi. Jumatatu tunaenda naye kuuliza.