Madhabahu ya Marumaru na Madhabahu ya Matawi

Mwaka 1889, chini ya ardhi ya London, palifukuliwa bamba la marumaru ambalo askari mstaafu wa Kirumi, Ulpius Silvanus, alilitoa kuwa nadhiri; na nakshi yake yamwonyesha mungu Mithras, mwenye kofia iliyopinda ncha, akimchoma fahali jambia, mbwa na nyoka wakiiwania damu na nge akimbana mnyama chini ya tumbo, ilhali duara la buruji kumi na mbili limewazunguka, na jua na mwezi wapo pembeni juu. Waumini wake, wanaume watupu, walikutana katika vyumba mfano wa mapango wakapanda daraja saba za siri, wala hawakuacha kitabu. Hata dini ile ilipozimika, yapata karne ya nne, mawe yalisalia bila mfasiri.

Wakipsigis wa Kericho na Bomet, nchini Kenya, nao walilielekea jua, kwani Mola wao ni Asis, na jua lenyewe huitwa asista. Lakini madhabahu yao, mabwaita, yalikuwa ya miti na matawi mabichi, yakasimamishwa uani upande wa mashariki wa nyumba, mahali pa wazi, wanawake na watoto wakiona; hapo arusi zilifungwa na vijana wa jando wakabarikiwa. Na lilipowafika watu wote jambo zito, walikwea kilimani, kwenye kapkoros, kutoa dhabihu.

Matawi huoza. Zilikuja misheni, yakaja mashamba makubwa ya chai katika miaka ya 1920, kisha sheria ya 1934 ikawahamishia Gwassi watu wa ukoo wa Talai, ambao ndio waliotoa maorkoiyot, wakuu wa uaguzi na baraka; basi leo mchimbaji wa athari akija na sururu yake, hatapata mabwaita ya kufukua.

Jiwe la Silvanus lina sura isiyo na neno la kuifasiri. Kwa Wakipsigis sura imekwenda, neno limebaki. Kiwanda kimoja cha chai cha Bomet chaitwa Kapkoros, na mkulima apelekaye majani yake huko hulitaja kila siku jina la kilima cha dhabihu, huku asista likimpiga mgongoni.