Projekta au televisheni bapa: Sebule ya Kasesya ina hesabu zake

MAHINDI yakishauzwa na deni la mbolea likishalipwa, familia nyingi za uwanda wa juu wa Ufipa hubaki na fedha za kununua kitu kimoja kikubwa kwa mwaka. Wapo wanaoezeka upya, wapo wanaonunua pikipiki. Na wapo, hasa watumishi, wafanyabiashara na mawakala wa forodha katika kituo cha mpakani cha Kasesya, wilayani Kalambo, ambao hupania kuweka picha kubwa sebuleni. Swali linalowagawa ni kama wanunue televisheni bapa au projekta inayorusha picha ukutani.

Fedha hiyo hairudi hadi mavuno yajayo, hivyo kosa la dukani huishi ndani ya nyumba mwaka mzima.

Wengi huanza kwa kulinganisha ukubwa na bei, na hapo projekta hushinda bila jasho. Televisheni ya inchi 43 ina upana wa sentimita 95 na kimo cha sentimita 54 hivi. Picha ya projekta yenye inchi 100 ina upana wa mita 2.2 na kimo cha mita 1.25, yaani eneo linalozidi lile la televisheni mara tano na zaidi. Televisheni ya inchi 100 haimo kabisa katika mawazo ya mnunuzi wa kawaida, na hata angeipata, mlango wa nyumba nyingi ungemkatalia.

Hata hivyo, picha ni mwanga, na mwanga wa projekta ni kiasi kilekile kinachotandazwa juu ya ukuta. Kadiri picha inavyokuzwa ndivyo inavyofifia. Projekta yenye lumeni 1,000 za kweli, ikijaza inchi 100 juu ya kitambaa cheupe, hutoa mng'ao usiofikia hata nusu ya ule wa televisheni ya kawaida. Zaidi ya hapo, projekta haiwezi kuonyesha weusi ulio mweusi kuliko ukuta wenyewe. Dirisha likiwa wazi, ukuta umekwisha kuwa mweupe kabla mashine haijawashwa, na koti jeusi la mwamuzi linageuka kuwa la kijivu.

Hapa ndipo jiografia ya Rukwa inapoingia. Tanzania nzima hutumia saa moja, lakini jua halifuati saa ya serikali. Sumbawanga iko magharibi ya Dar es Salaam kwa zaidi ya nyuzi saba, hivyo jua huzama huko takriban nusu saa baadaye. Katika sehemu kubwa ya mwaka, machweo ya Ufipa huangukia kati ya saa 12:45 jioni na saa 1:20 usiku. Mechi ya Simba na Yanga inayoanza saa 11:00 jioni jijini humalizikia kwenye taa za uwanjani, lakini mtazamaji wa Kasesya huiona sehemu yake kubwa jua likiwa bado linapenya dirishani. Mwenye projekta ambaye sebule yake inatazama magharibi atalazimika kuziba madirisha kwa mapazia mazito au mablanketi, kisha wageni wakae gizani na joto lao. Kwa mechi za Ulaya za saa 4:00 usiku tatizo hilo halipo.

Tofauti hii ya mchana na usiku si mpya. Mwaka 1935 hadi 1937, mradi wa filamu za elimu uliojulikana kwa kifupi kama BEKE, uliokuwa na makao yake Vugiri katika milima ya Usambara, ulizunguka Afrika Mashariki na ya Kati kwa gari lenye jenereta, ukionyesha filamu za kilimo na afya. Hakukuwa na ukumbi wala mapazia. Watazamaji waliketi chini, na maonyesho yakasubiri jua lizame. Magari ya sinema yaliyofuata miaka ya baadaye yalifanya vivyo hivyo. Projekta imekuwa mashine ya usiku na ya umati tangu hapo, na mwenye kuinunua leo kwa ajili ya watu wanne wanaotazama taarifa ya habari na tamthilia za jioni anaipa kazi isiyo yake.

Jambo la pili la mahali ni kimo. Sumbawanga iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na sehemu kubwa ya uwanda huo inazidi mita 1,500. Hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 15, na hewa nyepesi hubeba joto kidogo. Projekta ya taa hutoa joto jingi na hutegemea feni pekee kulipunguza. Kwa sababu hiyo watengenezaji wengi huweka katika menyu mpangilio wa sehemu za miinuko, unaopaswa kuwashwa kuanzia mita 1,500 hivi, ili feni izunguke kwa kasi zaidi. Asiyeuwasha hukuta mashine ikijizima katikati ya filamu, au taa ikifa kabla ya wakati wake. Anayeuwasha hupata mngurumo wa feni usiopendeza. Ni jambo dogo ambalo muuzaji wa Kariakoo, aliye usawa wa bahari, hana sababu ya kulikumbuka.

Feni hiyo hiyo huvuta vumbi. Kuanzia Mei hadi Oktoba mvua haipo, na malori yanayokwenda na kutoka mpakani huacha wingu lake. Projekta yenye chujio inataka chujio hilo lisafishwe mara kwa mara. Zile za bei nafuu zisizo na chujio huanza kuonyesha madoa ambayo hayatoki kwa kufuta lenzi, kwa kuwa vumbi limekwisha ingia ndani. Mvua zikianza, wageni hubadilika: kumbikumbi na nondo hufuata mwanga na kutembea juu ya picha, wakiwa wakubwa kuliko wachezaji.

Umeme ndio hesabu inayouma zaidi. Kwa miaka mingi Rukwa haikuwa ndani ya Gridi ya Taifa na ilitegemea kwa kiasi kikubwa umeme ulionunuliwa Zambia, ukipitia upande wa Mbala. Wakazi wanafahamu vizuri kukatika kwa ghafla na kurudi kwa kishindo. Televisheni bapa huvumilia kukatika. Kinachoiua ni kurudi kwa nguvu nyingi kupita kiasi, na kifaa cha kulinda umeme husaidia. Projekta ya taa huumizwa na vyote viwili. Taa yake ikizimika ghafla ikiwa moto, feni nayo imesimama, na kila tukio la namna hiyo hupunguza uhai wa taa ambayo kwa kawaida hupewa saa 3,000 hadi 5,000. Taa ya badala haipatikani Matai, na mara nyingi wala Sumbawanga. Projekta za LED na za leza hazina taa ya kubadilisha, na chanzo chake cha mwanga hutajwa kudumu saa 20,000 au zaidi, lakini zile zenye mwanga wa kutosha bado ni ghali.

Kuhusu matumizi, televisheni ya LED ya inchi 43 hula wati 70 hivi. Projekta ya taa hula wati 250. Kwa saa nne kila siku, televisheni hutumia uniti zisizofika tisa kwa mwezi, projekta uniti 30. Tofauti hiyo ina maana kubwa kwa wateja wadogo wa TANESCO walio katika kundi la D1, ambao hupata bei ya chini kwa sharti la kutozidi uniti 75 kwa mwezi. Projekta peke yake humeza theluthi moja na zaidi ya kiwango hicho. Ikijumlishwa na pasi na jokofu, familia inaweza kujikuta imehamishiwa kundi la bei ya juu, na hapo uniti zote, hata za taa ya chooni, zinapanda.

Kwa nyumba za sola hali ni ngumu zaidi. Betri moja ya volti 12 yenye Ah 100, ikitumiwa nusu ili isiharibike, ina nguvu ya wati-saa 600 hivi. Televisheni ndogo ya sola ya wati 40 pamoja na king'amuzi itafanya kazi saa kumi. Projekta ya taa, baada ya inveta kuchukua sehemu yake, haitamaliza saa mbili. Mechi ikienda dakika za nyongeza, matuta yatasikilizwa redioni.

Projekta ina utetezi wake barabarani. Kutoka Sumbawanga hadi Kasesya kupitia Matai ni takriban kilomita 100, na kipande cha Matai hadi mpakani cha kilomita 50 kimewahi kuvunja vitu vigumu kuliko kioo. Televisheni bapa lazima isafirishwe ikiwa imesimama, ndani ya boksi lake na maboya yake. Ikilazwa chini ya magunia juu ya basi, hufika na ufa ambao hauonekani hadi iwashwe, na kubadilisha kioo hugharimu karibu sawa na kununua nyingine. Projekta huingia kwenye begi la mgongoni. Mtumishi anayehamishwa kila baada ya miaka michache ana haki ya kulifikiria hilo.

Sauti husahaulika na wengi. Televisheni ina spika hafifu, projekta hafifu zaidi, na kwa kawaida haina kipokezi cha matangazo. Itahitaji king'amuzi, ungo, waya wa HDMI mrefu wa kutosha, na sabufa. Sabufa ikiunganishwa kwa bluetooth, sauti inaweza kuchelewa na mtangazaji akashangilia goli baada ya mpira kutoka wavuni. Waya ni bora. Ungo nao, katika mkoa unaosifika kwa radi, ni njia ya kuingizia balaa ndani. Mawingu yakijikusanya, waya wa ungo uchomolewe pamoja na plagi, kwa televisheni na projekta sawasawa.

Kwa familia nyingi za Kasesya, basi, televisheni ya inchi 43 hadi 55 ndiyo ununuzi wenye akili. Sebule ya futi 12 kwa 14 huweka mtazamaji mita mbili na nusu hadi tatu kutoka ukutani, umbali unaoifaa. Projekta yenye lenzi ya kawaida inahitaji zaidi ya mita tatu kurusha inchi 100, na katika sebule hiyo italazimika kukaa nyuma ya vichwa vya wageni. Inamfaa mwenye chumba kirefu, umeme wa uhakika na mazoea ya kutazama usiku. Inalifaa zaidi kanisa, shule au ua wenye ukuta mweupe.

Anayeichagua ajihadhari na maandishi ya boksi. Mashine ndogo zinazotangazwa kuwa na lumeni 8,000 au 10,000 hazina hata kumi ya sehemu hizo. Kipimo cha kuaminika ni lumeni za ANSI au za ISO. Vilevile, "inakubali 1080p" maana yake ni kwamba inapokea picha hiyo, kisha inaweza kuishusha hadi nukta 800 kwa 480. Neno la kutafuta ni ubora asilia. Kwa mitumba, menyu ya projekta huonyesha saa ambazo taa imetumika, ingawa hesabu hiyo inaweza kurudishwa sifuri. Televisheni ya mtumba iwashwe dukani kwa nusu saa, ikaguliwe kwa picha nyeupe tupu kisha nyeusi tupu. Zile nzito za plasma, ambazo kampuni kubwa ziliacha kuzitengeneza mwaka 2013 na 2014, ziachwe zilipo. Anayenunua ng'ambo ya mpaka, Zombe au Mbala, adai stakabadhi na alipie ushuru, kwani kifaa kisicho na karatasi kinaweza kuishia kwenye ghala la forodha.

Picha ya inchi 100 huita majirani, na kuwakaribisha si kosa. Mwenye nyumba akianza kuwatoza kiingilio, sebule imegeuka kibanda umiza: Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inataka kibali cha ukumbi, na kifurushi cha king'amuzi alicholipia ni cha nyumbani, si cha biashara.