Juu ya nini "go" inakuwa "went"? Historia fupi ya vitenzi vya Kiingereza



Mwaka niliomaliza lisansi, niliitwa kuhojiwa ku shirika moja lililokuwa linatafuta maagronome. Mambo ya udongo na mbegu nilijibu vizuri. Kisha wakaniomba nieleze kwa Kiingereza kazi niliyofanya wakati wa staje. Nikasema kwa nguvu: "I teached farmers." Yule aliyekuwa ananiuliza akatabasamu, akaandika kitu mu karatasi yake. Kazi sikuipata. Sisemi ni juu ya neno moja tu, lakini nilirudi nyumbani na swali: juu ya nini work inakuwa worked bila matata, na teach inakataa teached?

Ku sekondari tulipewa ile tabla ya safu tatu, go, went, gone, tukaimba kama litania. Hakuna aliyetuambia kwamba nyuma yake kuna historia ndefu.

Lugha yenyewe ilifika Uingereza karne ya 5, pamoja na Waangli na Wasaksoni waliotoka upande wa Ujerumani na Denmark ya leo. Vitenzi vyao vilikuwa na koo mbili kubwa. Ukoo wa kwanza ulionyesha wakati uliopita kwa kubadilisha vokali ya ndani: sing, sang, sung. Ukoo wa pili uliongeza d au t mwishoni, kama love, loved. Mu mwaka 1819, Mjerumani Jacob Grimm (ndiye yule wa hadithi za watoto) aliuita ule wa kwanza "wenye nguvu", juu unajitosha wenyewe, na wa pili "dhaifu", juu unahitaji kitu cha kuongezewa.

Lakini dhaifu ndio walioshinda! Help zamani ilikuwa ya wenye nguvu. Biblia ya Kiingereza ya mfalme James, ya 1611, bado inaandika holpen. Leo ukisema hivyo watu watakushangaa: ni helped. Climb nayo ilikuwa na clomb, sasa ni climbed.

Halafu kukaja mwaka 1066. Guillaume wa Normandie alishinda vita vya Hastings, na Kifaransa kikakaa kwenye meza ya wakubwa kwa miaka mingi. Njo maana siye tuliosoma kwa Kifaransa tunatambua maneno mengi sana ya Kiingereza: serve, change, judge, arrive. Karibu vitenzi vyote vilivyotoka huko viliingizwa mu ukoo dhaifu, vikapewa -ed. Mmoja ulinichekesha: catch. Ni ndugu wa damu wa chasser yetu, ulipita kwa Wanormandi, lakini badala ya kusema catched, Waingereza wakasema caught. Mgeni kavaa nguo za wenyeji!

Sasa, ni vitenzi gani vya zamani vilibaki na sura yao? Ni vile vinavyotumiwa kila siku. Mu mwaka 2007, Erez Lieberman na wenzake walitoa utafiti katika jarida Nature. Walichukua vitenzi 177 visivyofuata kanuni ya -ed mu Kiingereza cha kale. Mu Kiingereza cha enzi za kati walikuta vimebaki 145, na leo 98. Waliona pia kwamba kitenzi kinachotumiwa mara 100 pungufu kinaacha sura yake ya zamani mara 10 haraka zaidi. Sisi wa kilimo hilo halitushangazi. Mbegu ya maharage ya bibi inabaki fasi ambapo watu wanaipanda kila msimu. Ile inayowekwa tu mu gunia, siku moja unaipanda na haioti.

Go nayo ina kisa chake. Went haikuwa yake, ilikuwa ya wend, kitenzi kingine cha kwenda na kugeuka. Go ilikuwa na wakati uliopita wake, eode, ukapotea, ikachukua wa jirani. Tusiwacheke: je vais na j'irai pia zimetoka kwa vitenzi viwili tofauti vya Kilatini. Be ndiyo imezidi, am, was na been ni mabaki ya mizizi mitatu.

Na can, may, must? Mwalimu alikuwa anatupigia kelele: "He can, hapana he cans!" Sababu ni kwamba zamani sana maumbo hayo yalikuwa ya wakati uliopita, kisha yakaanza kutumiwa kwa wakati wa sasa. Husemi he sangs, basi na he cans hapana.

Nirudi kwa teach yangu. Nilipochunguza, nikakuta kumbe taught si ya wenye nguvu hata kidogo. Ni dhaifu! Ile t ya mwisho ndiyo ule mkia wenyewe, sauti ya ndani tu ndiyo iliyobadilika tangu kale. Cut, put na set zina yao: zinaishia kwa t tayari, mkia ukamezwa. Lakini ile tabla yetu iliviweka vyote pamoja, kwa alfabeti, kama vile kupanga mimea kwa herufi ya kwanza bila kuangalia familia.

Mdogo wangu anajiandaa kwa Exetat mwaka huu. Nimemwandikia ile tabla upya mu kaye yake: ukurasa mmoja wa sing, drink, swim, begin, mwingine wa teach, think, bring, buy, catch, mwingine wa cut na wenzake, go na be peke yao. Jana ameniuliza fight anaiweka wapi. Fought inafanana na bought, lakini ni ya wenye nguvu, t ilikuwa yake toka mwanzo. Tumeifungulia ukurasa wake.