Kutoka Sifuri hadi Tarakimu: Neno «cifra» katika Lugha za Kislavi

Ni rahisi kudhani kwamba «chiffre» la Kifaransa na «sifuri» la Kiswahili, kwa kuwa yana asili moja, yana pia maana moja. Historia ya neno hilo katika lugha za Kislavi yaonyesha jinsi dhana hiyo inavyoweza kumpotosha mfasiri.

Asili yake ni «sifr» la Kiarabu, yaani kitu kitupu. Elimu ya hesabu za Kihindi na Kiarabu ilipofika Ulaya, wanazuoni waliliandika neno hilo kwa Kilatini «cifra», wakikusudia alama 0. Leonardo wa Pisa, katika «Liber abaci» (1202), aliandika «zephirum», na umbo hilo ndilo lililozaa «zero».

«Cifra» likaingia katika Kipolandi («cyfra»), Kicheki («cifra») na Kirusi («tsifra»). Magnitsky, katika kitabu chake cha hesabu kilichochapwa Moscow mwaka 1703, bado aliita 0 kwa jina la «tsifra». Hata hivyo, Warusi walikuwa wamezoea kuandika hesabu kwa herufi za alfabeti yao. Kwao, kama kwa Wazungu wengine waliotumia namba za Kirumi, alama ya utupu ilikuwa ngeni kuliko zote. Jina lake likaenea, likawa jina la alama zote kumi. Nafasi iliyoachwa wazi ilijazwa na neno jingine la Kilatini, «nulla»: Kirusi kina «nul», Kicheki «nula». Kipolandi kilichukua «zero».

Neno hilohilo lilirudi mara ya pili kwa njia ya Kifaransa, likiwa na maana ya maandishi ya siri: «szyfr» kwa Kipolandi, «šifra» kwa Kicheki, «shifr» kwa Kirusi. Katika maktaba za Urusi, «shifr» ni pia alama inayoonyesha mahali pa kitabu rafuni.

Kiswahili kilifuata njia nyingine. Kilipokea kutoka Kiarabu maneno mawili, «sifuri» na «tarakimu». Kila moja likashika kazi yake, na «sifuri» halikulazimika kuhama. Kwa hiyo maana ya neno la mkopo haiamuliwi na asili yake pekee, bali pia na majirani linaowakuta katika lugha inayolipokea. Mwenye kufasiri «chiffre» au «tsifra» kwa «sifuri» ameifuata nasaba ya neno, akaiacha maana yake.