Kisahani si Mwili: Kutoka Kampala hadi Sydney

Sisi wahandisi hatuliamini zege kwa macho. Tunachukua sampuli, tunaiacha ikomae siku 28, kisha tunaivunja kwa mashine. Ndiyo maana wengi wetu huuliza: mbona dawa za saratani hazijaribiwi kwanza kwenye seli za mgonjwa, nje ya mwili wake?

Kuotesha seli hizo kuna historia ya nyumbani. Desemba 1963, kipande cha uvimbe wa mtoto kilipelekwa kwa ndege kutoka Kampala, alikofanya kazi Dk. Denis Burkitt, kwenda London. Ukungu ukailazimisha ndege kutua Manchester. Sampuli ilipofika, maji yake yalikuwa yamechafuka. Anthony Epstein alipoyatazama kwa hadubini hakuona bakteria, bali seli hai za saratani zikielea. Zikaoteshwa, na mwaka 1964 ndani yake kikaonekana kirusi kiitwacho sasa Epstein-Barr.

Mwaka 1978, Sydney Salmon na wenzake huko Arizona walitangaza kipimo cha kuotesha seli za mgonjwa na kuzitilia dawa. Matumaini yalikuwa makubwa. Lakini ilidhihirika kwamba dawa iliyoshindwa kisahanini kwa kawaida hushindwa na mwilini, ilhali iliyoshinda kisahanini si lazima ishinde mwilini. Kisahani hakina ini wala mishipa ya damu, na sampuli nyingi hazikuota kabisa. Mwaka 2004 chama cha madaktari wa saratani wa Marekani kilishauri vipimo hivyo visitumike kuchagua dawa nje ya utafiti.

Hapa Sydney wazo halikufa. Mpango wa ZERO, ulioongozwa na Children's Cancer Institute pamoja na Sydney Children's Hospital, ulianza mwaka 2017 utafiti wa nchi nzima kwa watoto wenye saratani ngumu. Jeni za uvimbe husomwa, na inapowezekana seli hujaribiwa dawa. Kisha jopo la wataalamu hupima yote kwa pamoja. Mwishoni mwa 2023 mpango ulifunguliwa kwa watoto wote wa Australia wenye saratani.

Kwa hiyo, tunapoitwa kwenye mchango ili sampuli ya ndugu yetu ipelekwe ng'ambo kupimwa, tutoe kwa moyo, lakini tuulize kwanza: je, imethibitishwa kwamba wagonjwa waliochaguliwa dawa kwa kipimo hiki waliishi muda mrefu kuliko waliochaguliwa na daktari peke yake? Kama jibu halipo, fedha hizo zina kazi nyingine nyumbani kwa mgonjwa.