Mwenye Maboksi wa Chicago Aliyeufufua Mji wa Aspen

Walter Paepcke alitajirika kwa maboksi. Mwaka 1926 aliunda mjini Chicago kampuni ya Container Corporation of America, iliyotengeneza maboksi ya karatasi ngumu katika zama ambazo shehena nyingi bado zilifungwa kwenye makasha ya mbao. Baba yake, mhamiaji kutoka Ujerumani, alikuwa amemwachia biashara ya mbao, na kijana huyo aliyesoma Yale akaona mapema kwamba karatasi ingeishinda mbao. Boksi ni kitu cha kutumika na kutupwa, hakuna anayeuliza nani amelichora. Paepcke aliuliza. Aliajiri wachoraji na wasanifu, wakiwemo Cassandre na Fernand Léger kutoka Ufaransa, wachore matangazo ya kampuni yake, na alipata jina la kuwa mwenye viwanda anayewaheshimu wasanii kama anavyowaheshimu wahasibu wake.

Sifa hiyo hakuistahili peke yake. Mwaka 1922 alikuwa amemwoa Elizabeth Nitze, binti wa profesa wa Chuo Kikuu cha Chicago, mwanamke mwenye jicho kali la sanaa na ulimi usioogopa kumwambia mumewe kwamba matangazo yake ya zamani hayapendezi. Mengi anayokumbukwa kwayo Walter yalianzia kwa Elizabeth. Hata Aspen ilianzia kwake. Majira ya baridi ya mwaka 1939 aliwapeleka wageni wake huko, jimboni Colorado, wakapanda mlima kwa miguu juu ya theluji na kuteremka kwa kuteleza. Aliporudi alimsimulia mumewe juu ya mji uliolala. Mume hakuwa na haraka. Ilipita miaka 6 kabla hajaenda kujionea mwenyewe.

Mji aliousikia ukisimuliwa ulikuwa umewahi kuwa tajiri. Aspen iko kwenye bonde la mto Roaring Fork, mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, ardhi iliyokuwa ya Waute, wenyeji wa asili, kabla hawajafukuzwa ili kuwapisha wachimba madini. Wachimbaji walifika mwaka 1879 wakifuata fedha, madini yale meupe ya sarafu na vito. Kufikia 1887 reli ilikuwa imeingia bondeni, na sensa ya 1890 ilihesabu watu zaidi ya 5,000. Mwaka 1889 Jerome Wheeler, aliyewahi kuwa mmoja wa wabia wa duka kubwa la Macy's la New York, alifungua hoteli ya kifahari, Hotel Jerome, pamoja na jumba la opera lenye jina lake. Mji wa wachimbaji ukawa na jukwaa la waimbaji.

Kisha siasa za Washington zikaukata mshipa wake. Serikali ya Marekani ilikuwa ikinunua fedha kwa wingi kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1890. Mwaka 1893, uchumi ulipoyumba, Rais Grover Cleveland alilishawishi Bunge liifute sheria hiyo. Bei ya fedha ilianguka na migodi ikafungwa. Waliobaki walilima viazi na kufuga ng'ombe, na kufikia 1930 mji mzima ulikuwa na watu wapatao 700. Nyumba nyingi ziliachwa mahame, milango ikiwa wazi, na jumba la opera likaunguzwa ndani na moto mwaka 1912.

Hapa inafaa kusema jambo ambalo makala nyingi za kumsifu Paepcke hulipita haraka. Hao 700 hawakuwa wamekaa tu wakimsubiri mtu wa kuwaokoa. Miaka ya 1930 tayari walikuwa wameshirikiana na wawekezaji waliomleta Mswisi André Roch kuutazama mlima, na wakazi wenyewe wakafyeka miti kufungua njia ya kwanza ya kuteleza thelujini. Waliipeleka timu ya mji kwenye mashindano. Kilichokosekana ni mtaji, na Vita vya Pili vya Dunia vikawakatiza njiani.

Paepcke alifika mwishoni mwa Mei 1945, wiki chache tu baada ya vita kwisha Ulaya. Theluji ilikuwa inayeyuka. Ndani ya siku chache alianza kununua nyumba na viwanja, vingine kwa bei ya kulipia kodi iliyolimbikizwa. Mwaka huohuo alikutana na Friedl Pfeifer, mwalimu wa kuteleza kutoka Austria, aliyekuwa amejiunga na kikosi cha milimani cha jeshi la Marekani, akafanya mazoezi kwenye kambi ya Camp Hale, si mbali na Aspen, kisha akajeruhiwa vibaya nchini Italia. Pfeifer alikuwa na ndoto ya kujenga shule ya mchezo huo na njia ya kuwapandisha watu mlimani. Paepcke alikuwa na marafiki wenye fedha. Mwaka 1946 kampuni ya Aspen Skiing ikaundwa, na Januari 1947 ukazinduliwa mtambo wa viti vinavyoning'inia kwenye kamba ya chuma, kiti kimoja kwa mtu mmoja. Ulitangazwa kuwa mrefu kuliko mitambo yote ya aina hiyo duniani. Miaka 3 baadaye, mwaka 1950, Aspen iliandaa mashindano ya dunia ya kuteleza milimani, yakiwa ya kwanza kufanyika nje ya Ulaya.

Mtu mwingine angeridhika hapo. Alishapata mlima, hoteli aliyoikodi na kuikarabati, na wageni wanaolipa. Lakini kwa Paepcke mchezo wa thelujini ulikuwa kama chambo. Alichokitaka ni mji ambamo mtu anapata riziki, anauchosha mwili wake kwa jambo la afya, na jioni anailisha akili yake. Aliliamini hilo kwa dhati, na alilitolea fedha zake mwaka baada ya mwaka bila faida ya kuonekana.

Imani yake hiyo ndiyo iliyomgombanisha na wenyeji kwanza. Mwaka huohuo wa 1945 alimwalika Walter Gropius, mwanzilishi wa shule ya usanifu ya Bauhaus, aje awaeleze wakazi namna ya kuupanga mji wao. Gropius aliwashauri watunze majengo mazuri ya kale, na kila watakapojenga jipya, wajenge kwa mtindo wa kisasa. Ushauri ulikuwa mzuri. Tatizo ni kwamba wakazi walikuwa wakitaka kujua habari za maji, barabara na ajira, na mbele yao alisimama profesa aliyeletwa na tajiri wa Chicago aliyekuwa ameanza kununua mji juzi tu. Paepcke alijitolea pia kugawa rangi bure kwa kila atakayepaka nyumba yake, ila rangi hizo zichaguliwe na Herbert Bayer, msanii wa Austria aliyefundisha Bauhaus na ambaye mwaka 1946 alihamia Aspen kumfanyia kazi. Wengi walikataa. Mtu aliyestahimili miaka 50 ya ufukara ndani ya nyumba ya baba yake hakubali kuchaguliwa rangi ya mlango. Mimi nawaunga mkono wakazi hao, hata ninapoyapenda majengo ya Bayer.

Na majengo yenyewe yanapendeza. Bayer alijenga mgahawa kileleni, akachora mabango ya kuutangaza mji, na katika miaka ya 1950 akasanifu eneo la Aspen Meadows lenye kumbi za semina, vyumba vya wageni na jengo la mazoezi ya mwili. Mwaka 1955 alitengeneza huko kilima cha nyasi cha duara, kazi ya sanaa iliyofinyangwa kwa udongo wenyewe, miaka mingi kabla wasanii wengine wa Marekani hawajaanza kuichonga ardhi.

Jambo lililoipeleka Aspen kwenye kurasa za magazeti ya dunia lilitokea kiangazi cha 1949. Ilikuwa imetimia miaka 200 tangu kuzaliwa kwa Goethe, mshairi mkubwa wa Kijerumani. Robert Hutchins wa Chuo Kikuu cha Chicago pamoja na wenzake walitaka kumuadhimisha, na Paepcke akasema sherehe ifanyike Aspen. Yafaa kuutafakari ujasiri huo. Vita vilikuwa vimekwisha miaka 4 tu iliyopita, na Ujerumani ilikuwa ikikumbukwa kwa kambi za mauaji. Kumtukuza mshairi wa Kijerumani mbele ya Wamarekani, tena kwa gharama ya mtoto wa mhamiaji wa Kijerumani, kulikuwa ni kusema wazi kwamba lugha na fikra za watu si mali ya watawala waovu waliowahi kuzitumia.

Mgeni aliyetafutwa kuliko wote alikuwa daktari mwenye miaka 74 aliyeishi Afrika. Albert Schweitzer alikuwa akitibu wagonjwa huko Lambaréné, kando ya mto Ogooué nchini Gabon, tangu mwaka 1913. Hakuwahi kukanyaga Marekani na hakuwa na hamu ya kwenda. Alikubali kwa sababu ujira wa mihadhara ungeisaidia hospitali yake kuwahudumia wagonjwa wa ukoma. Hivyo maboksi ya Chicago yakachangia dawa za wakoma wa Gabon, na mzee Schweitzer akapandishwa hadi kwenye mji ambao hewa yake nyepesi ilimchosha, akahutubia kwa Kifaransa na kisha kwa Kijerumani huku akitafsiriwa. Hiyo ilikuwa safari yake pekee ya Marekani. Mbali naye alikuwepo mwanafalsafa wa Hispania José Ortega y Gasset, mwandishi Thornton Wilder, mpiga piano Arthur Rubinstein, na okestra nzima ya Minneapolis chini ya Dimitri Mitropoulos. Kwa kuwa mji haukuwa na ukumbi wa kuwatosha, msanifu Eero Saarinen alibuni hema kubwa. Kwa karibu wiki 3, watu wapatao 2,000 walikaa chini ya turubai wakisikiliza muziki na mihadhara.

Sherehe ilipokwisha, wageni hawakutaka iishe. Kutokana na hamu hiyo zilizaliwa taasisi ya Aspen Institute na tamasha la muziki pamoja na shule yake. Mwaka 1951 ulianza pia mkutano wa kimataifa wa wasanifu. Semina za Aspen Institute ziliwakusanya wakurugenzi wa makampuni kuzunguka meza, wakiongozwa na mwanafalsafa Mortimer Adler, wasome Plato, Aristotle, Azimio la Uhuru wa Marekani na hata Ilani ya Kikomunisti, kisha wabishane. Tukumbuke kwamba hiyo ilikuwa Marekani ya miaka ya 1950, ambapo mtu angeweza kupoteza kazi kwa kushukiwa ukomunisti. Kumkalisha mkuu wa kiwanda mbele ya maandishi ya Marx na kumtaka ayajibu kwa hoja kulihitaji mwenyeji ambaye hakuna angemshuku kuwa adui wa mtaji. Jambo hilo, kuliko ule mtambo wa mlimani, ndilo ninalomheshimia Paepcke zaidi. Mtindo wa meza hizo umeenea mbali: tangu miaka ya 2000 wapo viongozi vijana wa Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda waliopitia programu za uongozi zenye mizizi katika taasisi hiyo.

Hakuwa mtu mwepesi wa kushirikiana naye. Alizoea kuamua, na walioamuliwa walichoka. Mwaka 1954 uhusiano wake na wanamuziki wa tamasha ulivunjika, nao wakaunda chombo chao wenyewe cha kuliendesha. Pengine ndiyo bahati kubwa iliyolipata tamasha, kwa sababu lilijifunza kusimama bila yeye wakati angali hai. Hema la Saarinen lilirithiwa na la Bayer katika miaka ya 1960, na tangu mwaka 2000 na jengo la kudumu lenye paa la umbo la hema, ambamo muziki hupigwa kila kiangazi.

Paepcke alifariki Aprili 1960 kwa saratani, akiwa na miaka 63. Uongozi wa Aspen Institute ulikuwa umeshapita kwa Robert O. Anderson, mfanyabiashara wa mafuta. Elizabeth aliishi hadi 1994, na katika miaka hiyo alifanya jambo lililo tofauti na ujenzi wote wa mumewe: mwaka 1968 alianzisha kituo cha elimu ya mazingira, akaikabidhi ardhi yake ya Hallam Lake, katikati kabisa ya mji, ibaki kwa ndege na nyasi. Viwanja vya jirani vilikuwa vimeanza kugombaniwa na matajiri, naye hakuficha huzuni yake kuona mji alioupenda ukigeuka soko la nyumba za kifahari.

Huzuni hiyo ilikuwa na haki. Wanaopika, kufagia, kufundisha shule na kuendesha mabasi ya Aspen hawawezi kununua nyumba ya kawaida mjini humo, maana bei ni mamilioni ya dola. Uzuri aliouleta Paepcke ndio uliopandisha bei, na yeye, aliyenunua baadhi ya nyumba za wenyeji kwa thamani ya kodi iliyolimbikizwa, hakuacha mpango wowote wa kuwalinda wajukuu wao. Kazi hiyo ilibidi ifanywe na wakazi kwa kura. Mji na wilaya waliunda mamlaka ya nyumba ambayo leo inasimamia karibu nyumba 3,000 zinazotengwa kwa watu wanaofanya kazi bondeni. Urithi wa kale nao waliulinda kwa kura: mwaka 1979 walikubali kodi ya nusu asilimia kwa kila nyumba au kiwanja kinapouzwa, fedha ziende kulikarabati jumba la opera la Wheeler, lile ambalo Paepcke alilikodi likiwa na alama za moto. Lilifunguliwa upya mwaka 1984, na mmiliki wake ni serikali ya mji.