Uchapaji wa skrini

Uchapaji wa skrini ni njia ya kuchapa picha au maandishi kwa kupitisha wino katika kitambaa chepesi kilichowambwa kwenye fremu. Pasipotakiwa rangi huzibwa. Wino hupenya palipoachwa wazi. Mchapaji humimina wino upande mmoja wa fremu, kisha huukokota kwa ubao wenye ukingo wa mpira, kwa mkono usiosita, maana akisita rangi hutuama na kuacha alama. Kila rangi huwa na fremu yake.

Njia hii inahusishwa na katagami, violezo vya karatasi vya Japani vya kupambia vitambaa. Mwaka 1907 Samuel Simon wa Manchester, Uingereza, alipata hataza ya kutumia hariri. Kwa miaka mingi njia hii ilihesabiwa zaidi kazi ya matangazo. Msanii Andy Warhol aliigeuza sanaa: mwaka 1962, katika Marilyn Diptych, alirudia sura ya mwigizaji Marilyn Monroe mara 50, huku wino ukififia na kuchafuka. Kasoro hizo ndizo uhai wa mchoro. Mei 1968 wanafunzi wa Paris waliitumia njia hii kuchapa mabango ya mgomo usiku kucha. Siku hizi hariri imeipisha poliesta.